Kikohozi cha Baba, Upande wa Pili

Alhamisi, 3 Aprili

Balaa. Mama mkwe anahamia kwetu Jumamosi. Si kutembelea, kuhamia! Mke wangu amenitangazia habari hiyo huku akipiga pasi sare yake ya uuguzi, na hata macho hakuinua. Chumba atakachokaa mama yake ni chumba cha santuri zangu. Nikauliza, na santuri zitakaa wapi? Akasema sebuleni, ukuta mmoja tu, na zile nisizosikiliza ziondoke kabisa. Nikasema nazisikiliza zote. Akanitajia moja baada ya nyingine zile ambazo hazijatoka kwenye jalada tangu tuoane. Mwanamke huyu angefaa kuwa mkaguzi.

Hajui utamu wake, basi. Watu siku hizi wanabonyeza kioo cha simu, muziki unatoka, wao wanaendelea kukaanga vitunguu. Mimi sivyo. Mimi kwanza nanawa mikono. Nachomoa jalada, nalinusa. Karatasi kuukuu, vumbi kidogo. Nasoma nyuma nani alipiga besi, nani aliazima gitaa, nani jina lake limeandikwa vibaya. Natoa sahani kwa ncha za vidole, naifuta, naiweka, nateremsha sindano. Ile mikwaruzo kabla wimbo haujaanza! Hapo hata mtu aseme nyumba inaungua, nitamwambia asubiri upande uishe. Halafu unainuka, unageuza. Muziki unaokuinua kitini umekuheshimu.

Ila hofu yangu si ukuta. Hofu yangu ni shemeji, kaka yake mke wangu, mwenye duka la dawa. Sisi wapenda santuri tunamwita Glavu, kwa sababu hagusi sahani bila kuvaa glavu nyeupe za pamba. Jumamosi anakuja kuhamisha mizigo ya mama yake na rafu zangu. Atapitisha vidole kwenye kila jalada nililonalo. Na humo kuna santuri ya baba.

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha viberiti. Kiwanda kilikuwa na bendi, naye alipiga manyanga. Walirekodi santuri moja tu, nakala chache, wakagawana wenyewe kwa wenyewe. Upande wa pili, wimbo wa tatu, kuna mahali gitaa linanyamaza kabla ya kurudi. Katika kimya hicho baba anakohoa. Mara moja. Vumbi la kiwanda lilikuwa limemkaa kifuani. Wenzake walitaka warudie, lakini muda wao wa studio ulikuwa umekwisha. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akiniambia nikae kimya, nisikilize, huyo baba yako. Baba alifariki zamani na hakuacha sauti nyingine popote. Nina kikohozi hicho tu, basi.

Glavu ameisaka santuri hiyo miaka nenda miaka rudi. Anataka kuiazima. Kwake kuazima ni kuhama! Kitu kikiingia kwake kinapigwa muhuri wake nyuma ya jalada, na kukitoa ni mpaka uitishe kikao cha ukoo. Kwa hiyo mwaka jana nilimwambia imevunjika. Jumamosi ataikuta nzima. Nina kesho tu ya kufikiri.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefikiri! Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayeweza kumpa nafasi ya kunisifu.

Ninayo santuri moja ambayo binadamu hawezi kuitamani: Masomo ya Kupiga Taipu. Sauti ya mwanamume inataja herufi, nyuma yake ngoma inapigwa taratibu. Glavu mwenyewe aliwahi kuisukuma kando kwa kiwiko. Nikaomba ruhusa ya kutoka kazini mapema, nikasema tumbo linanikata. Mimi ni fundi wa meno ya bandia kwenye kliniki, na bosi wangu ndiye Daktari. Aliniangalia muda mrefu. Akasema niende, lakini meno ya mwalimu mstaafu yawe tayari kesho, maana anamwoza binti yake.

Nyumbani peke yangu. Nikachemsha birika, nikapitisha lebo za taipu kwenye mvuke, zikabanduka zote mbili bila kuchanika. Nikazibandika juu ya lebo za santuri ya baba, upande huu na upande ule. Si kwa gundi! Gundi inakula karatasi. Nimetumia nta ya waridi, ile tunayopangia meno kazini kabla ya kuyatengeneza. Tabaka jembamba kabisa. Siku nikitaka, inatoka yote bila kuacha alama. Nani mwingine angewaza hivyo? Nikaiingiza kwenye jalada la taipu. Baba sasa ni mwalimu wa taipu.

Kisha ushahidi. Glavu lazima aone vipande. Nikaichukua ile santuri ya taipu iliyobaki uchi bila lebo, nikaamua kuivunja. Haivunjiki! Nikaikalia, ikapinda, ikarudi. Nikaikanyaga, ikateleza na mimi juu yake, nikapiga kabati kwa kiuno. Nikaigandisha kwenye friji pembeni ya nyama, kisha nikaigonga kwa koleo. Hapo ikaachia, kipande kimoja kikaruka mpaka kwenye pazia. Nikavipanga vipande vizuri ndani ya jalada la baba. Mke wangu alipoingia akauliza mbona friji iko wazi na mimi nachechemea. Nikasema najiandaa kumpokea mama. Akaguswa kweli, akaniletea dawa ya kuchua.

Jumamosi, 5 Aprili

Wameingia asubuhi. Mama mkwe amekaa mbele kwenye gari la Glavu, amepakata mikebe yake ya kuokea mkate, hakukubali hata kidogo iwekwe nyuma na mizigo mingine. Nikamwamkia shikamoo. Akaniitikia marahaba mwanangu, akasema nimekonda. Kisha akamwambia binti yake kwa sauti kwamba ndoa inapimwa kwa mashavu ya mume. Siku imeanza vibaya.

Glavu hakunywa hata chai. Akavaa glavu zake, akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Nikasimama nyuma yake najifanya napanga. Jalada kwa jalada. Akafika kwenye taipu. Akaisukuma kwa kiwiko! Nusura nicheke. Akaendelea, akalikuta jalada la baba, akageuka kuniangalia. Nikavaa uso wa msiba. Nikalifungua polepole, nikamwonyesha vipande.

Akavua glavu. Sijawahi kuona Glavu akivua glavu mbele ya rafu. Akaniwekea mkono begani, machozi yakamlengalenga. Akauliza lebo iko wapi. Nikasema nimeiweka sandukuni kama kumbukumbu. Akaniomba kipande kimoja, hata kidogo, awe nacho. Nikampa. Alikifunga kwenye leso yake na kukitia mfukoni. Amebeba somo la kwanza la taipu kwenye mfuko wa kifuani! Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikajisikia vizuri sana.

Mchana Daktari akapiga simu. Meno ya mwalimu mstaafu hayashiki, yamedondoka akifanya mazoezi ya hotuba. Nikaenda bila wasiwasi wowote, nikamwacha Glavu na rafu zangu zote. Lebo iko mahali pake, jalada liko mahali pake. Nimerudi jioni nimechoka, chumba kimehama, kila kitu kinang'aa. Sikukagua. Mtu mwenye mpango mzuri hakagui.

Jumapili, 6 Aprili

Mama mkwe ameonja mkate wetu wa dukani. Ameutafuna, ameuweka chini, ameuliza kama tunakula sifongo. Amezunguka jikoni akifungua kila mlango. Nimemficha gazeti langu. Nimejificha na mimi.

Glavu amekuja kumjulia hali mama yake. Jambo la ajabu: glavu zake zina doa. Doa la waridi, kwenye vidole viwili! Mtu anayenawa kabla ya kunawa! Nikamwuliza vipi tena, shemeji. Akaniangalia bila kupepesa. Akaniuliza kama nina jambo lolote la kumwambia. Nikasema sina. Akauliza, hakuna kabisa? Nikafikiri, nikasema mama yake anakoroma. Akaondoka bila kumaliza chai.

Ni rangi ya midomo, nina hakika. Glavu ana mwanamke mwingine! Hili nitalitunza. Siku akinibana kuhusu santuri yoyote, namkumbusha doa.

Jumatatu, 7 Aprili

Siwezi kushika kalamu.

Leo mama mkwe alikuwa amelala mchana na mke wangu yuko zamu. Nikasema nimsikie baba kidogo. Nikanawa mikono. Nikaenda kwenye rafu mpya. Taipu haipo. Nikapekua tena kutoka kushoto. Nikapekua kutoka kulia. Nikatoa kila santuri, nikazipanga sakafuni, nikapiga magoti katikati yake. Haipo!

Mke wangu aliporudi nikamwuliza kwa utulivu, naye anasema nilipiga kelele. Akajibu kwamba si tulikubaliana, zile nisizosikiliza ziondoke. Alichambua mwenyewe Jumamosi nilipokuwa kazini. Kaka yake akazibeba kwenye gari akampelekea Bi Maua. Huyo ndiye jirani wa mtaa wa nyuma anayeuza miche, na sote tunamjua kwa kazi yake: anaingiza santuri kuukuu kwenye oveni, zinalainika, anazikunja juu ya bakuli, zinakuwa vyungu vya maua!

Nikakaa chini. Mke wangu akauliza ninalilia nini masomo ya taipu, au nataka kuwa karani? Nikasema ndiyo. Ndilo lililotoka mdomoni. Nikasema nataka kujiendeleza. Akafurahi mno, akasema alikuwa anangoja siku nitakayosema hivyo.

Nimwambie ukweli? Hapana. Yeye na kaka yake ni kinywa kimoja. Nikifungua mdomo, kabla ya chakula cha jioni Glavu atajua kwamba nilimpa kipande cha taipu akakililia. Lazima niipate kimyakimya.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeenda kwa Bi Maua kabla ya kazi. Nikajifanya natafuta mche wa kivuli. Uani kwake kunanuka plastiki ya moto. Alikuwa amevaa mikono minene ya kitambaa, anafungua oveni. Ndani kulikuwa na sahani nyeusi imelegea imelala. Akaichukua, ikaning'inia mkononi mwake, akaifunika juu ya bakuli na kuibana kingo. Nikashika mti wa ndimu, nao una miiba.

Sahani zilizokuwa zikingoja zilikuwa zimelundikwa mezani bila majalada. Nikazipekua huku nikisifu miche. Moja moja, lebo kwa lebo. Taipu hakuna! Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama ndizo hizi tu zilizotoka kwetu. Akasema Jumapili alishaoka fungu la kwanza, lilikuwa oda ya haraka. Limekwenda wapi? Akasema namtania. Limekwenda kwenye kaunta ya kliniki ya meno. Kwani sijaona? Bosi wangu ndiye aliyeagiza!

Nilikimbia. Nikasahau kununua mche. Mapokezi palikuwa pamefungwa kwa sababu leo Daktari alikuwa na mkutano. Nikachungulia kupitia kioo cha mlango. Vyungu vitatu, majani ndani, vimepangwa vizuri. Nimeshindwa kula chakula cha mchana na cha jioni. Mama mkwe amesema ameona mashavu yangu na hana la kuongeza.

Jumatano, 9 Aprili

Chungu cha katikati. Nikakiinua, nikatazama chini yake. MASOMO YA KUPIGA TAIPU. Lebo imekunjamana kwa moto lakini inasomeka, herufi zote.

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Mpokezi akaniuliza kama nangojea kung'olewa. Kingo zile zilizopinda zilikuwa upande wa pili, wimbo wa tatu. Mle ndani kulikuwa na kimya cha gitaa na baba yangu anasafisha koo. Sasa kuna udongo na mmea wa majani mapana. Nimelia chooni, maji yakiwa wazi ili wasinisikie. Mtu anaweza kufiwa mara mbili, sasa najua. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto na watu walinishika mkono. Mara hii nimejifungia na ndoo ya kudekia.

Nimejiuliza nani wa kulaumiwa. Nimelifikiria kwa haki na bila upendeleo. Ni Glavu. Angekuwa mtu wa kurudisha vitu, nisingedanganya. Nisingedanganya, nisingebandika. Yote yanaanzia kwake.

Mchana Daktari akaniita. Mwalimu mstaafu ametoa hotuba ya harusi, na kila neno lilitoka na filimbi. Wageni walidhani anaita mbwa. Daktari akauliza akili yangu iko wapi wiki hii. Nikatamani kumwambia iko kaunta, umeipandia mmea.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekiiba.

Sitaki kulipamba. Mpokezi alikwenda kununua soda, nikakitia chungu ndani ya boksi la vielelezo vya meno, mmea na udongo wake, nikafunika kwa koti. Nikapita mbele ya Daktari. Akauliza nabeba nini. Nikasema taya. Akasema chapa kazi. Nje ya lango jani moja lilichungulia kwenye boksi, nikalirudisha kwa kidole nikatembea haraka. Nyuma nilisikia mpokezi anauliza kwa sauti kubwa nani ameona ua.

Sasa kiko sebuleni, juu ya meza, karibu na gramafoni. Nimeona hapo ndipo mahali pake. Mke wangu akauliza kimetoka wapi. Nikasema zawadi kwa mama. Mama mkwe akaguswa, akakimwagilia maji papo hapo. Akasema kumbe nina moyo, tatizo ni sura tu. Nikauma ulimi. Alikuwa anamwagilia baba yangu maji.

Jioni, Glavu. Hakuvaa glavu. Akakiona chungu, akakiinua, akasoma chini. Akakirudisha taratibu. Akanitazama kwa huruma fulani isiyonipendeza, akaniuliza tena, shemeji, kweli huna jambo la kuniambia? Nikasema sina. Nikataka kumtajia doa la waridi, lakini mama yake alikuwa anasikiliza. Akasema basi Jumapili nisikose kikao chetu cha santuri, zamu ya kupiga ni yake. Nikasema sijisikii. Akasema, “Njoo, shemeji. Njoo kwa heshima ya marehemu.”

Marehemu yupi? Mtu huyu anajua! Daktari hununua dawa dukani kwake. Amesikia habari za chungu kilichoibwa, amekiona kwangu, na Jumapili ataniumbua mbele ya watu wote. Nitafukuzwa kazi kwa ajili ya mmea. Nisipokwenda, nimekiri. Nikienda, nimekwisha.

Jumapili, 13 Aprili

Nitajaribu kwenda hatua kwa hatua.

Kikao chetu ni Jumapili ya pili ya kila mwezi, kwenye saluni ya Msusi, wateja wakiwa hawapo. Tuko wanne: mimi, Glavu, Msusi mwenyewe, na Karani, mstaafu wa posta ambaye hajakosea jina la bendi tangu tumjue, kwa maelezo yake. Sheria ni moja. Mwenye zamu anaficha lebo, sisi tunajifunika taulo usoni na kusikiliza. Wa kwanza kuitambua anaitaja. Ikitajwa, sindano inainuliwa palepale, na aliyetaja anakalia kiti kikubwa cha kuzunguka.

Nilikaa karibu na mlango. Utetezi nilikuwa nao tayari: nimekichukua chungu nikakitibu, mmea ulikuwa na wadudu. Glavu akafunga mlango. Akatuambia tufunike nyuso. Nikafunika. Gizani, nikasikia sindano inatua.

Mikwaruzo. Kisha gitaa.

Nilijua kabla ya pumzi kuisha. Bendi ya kiwanda cha viberiti, upande wa pili! Glavu amepata nakala yake! Kwanza ulinipanda wivu, mbichi kabisa. Halafu wivu ukashuka wenyewe nikabaki na kitu kimoja. Wimbo wa tatu unakuja. Nilidhani sitakisikia tena maishani na sasa kinakuja, mradi mtu asiitaje. Ikitajwa, sindano inainuka!

Wimbo wa kwanza ukaisha. Msusi akasema hajui. Vizuri. Wimbo wa pili ukaanza, Karani akaanza kunung'unika chini ya taulo. Akasema manyanga haya anayajua. Akasema hii ni bendi ya kiwanda. Nikamkanyaga mguu. Akapiga ukelele, akauliza nani huyo. Nikasema samahani, nanyoosha goti. Akatulia kidogo, akaanza tena: kiwanda cha... kiwanda cha... Nikaangusha mkebe wa vibanio sakafuni. Vikatawanyika saluni nzima. Msusi akanitukana vizuri. Nikaomba radhi kirefu, kwa maneno mengi, mpaka nikasikia wimbo wa tatu umeingia.

Nilishika mikono ya kiti. Mstari wa kwanza. Kiitikio. Manyanga ya baba, mepesi, pembeni kushoto. Karani akavuta pumzi ya mtu aliyekumbuka. Gitaa likanyamaza.

Baba akakohoa.

Na mara tu baada yake, tik! Alama yangu mwenyewe, ya siku niliyoiangushia sindano nikiwa mtoto. Hakuna nakala nyingine duniani yenye tik hiyo. Hii haikuwa nakala ya Glavu. Hii ilikuwa yangu!

Nikaita, “Baba!” Sikupanga. Taulo lilikuwa bado usoni na lilikuwa limelowa.

Glavu hakuinua sindano. Sheria ni sheria, lakini hakuiinua, aliacha upande ukaisha wote. Kisha Karani akafunua taulo na kuuliza, si hii ilivunjika? Wote wakaniangalia. Nikasema niliiunga. Nikasema kazini tuna dawa ya kuunga meno, inashika chochote. Nilisema hivyo, nikiwa na machozi mpaka shingoni.

Glavu akacheka mpaka akaketi. Halafu akaeleza, taratibu, bila kuniumbua kama ambavyo angeweza. Jumamosi ile alizibeba santuri kwenye gari zikiwa zimelaliana bila majalada, maana Bi Maua hataki majalada. Bi Maua hakuwepo, gari likakaa juani mpaka alasiri. Alipofungua mlango akakuta nta ya waridi inatiririka na lebo ya taipu imeteleza, imeganda juu ya santuri iliyolaliana nayo. Glavu zikaharibika. Chini ya nta akaisoma lebo ya kiwanda cha viberiti. Akaitoa, akaisafisha. Zilizobaki akampelekea Bi Maua zilivyo, pamoja na ile iliyodandiwa na lebo.

Alijua palepale, alisema. Wiki nzima alikuwa akingoja niseme. Ningesema Jumapili ile ningeondoka nayo Jumapili ileile. Ijumaa alipokiona chungu, roho ilimwuma, akataka kusema yeye, lakini akaona heri nimsikie baba kwanza. Naye hakuwahi kutaka kuichukua. Alitaka kukaa nami siku moja tuisikilize pamoja.

Akanikabidhi, imo ndani ya karatasi mpya laini. Nikatazama nyuma. Hakuna muhuri.

Msusi akanikalisha kwenye kiti cha kuzunguka. Nikazunguka mara moja, polepole. Nimemkumbatia shemeji yangu mbele za watu. Niseme ukweli, nilimpenda sana jioni hii. Nyumbani nimechokonoa udongo wa kile chungu. Ndani kuna lebo ya pili: Hotuba za Ufunguzi wa Maonesho ya Ng'ombe. Nimeililia hotuba ya ng'ombe siku nne.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimelala, nimeamka, nimefikiri vizuri zaidi.

Mbona hakupiga muhuri? Glavu amepiga muhuri mpaka kwenye kamusi ya mtoto wake. Mtu hawi mwema hivyo bila sababu. Sasa anajua iko wapi, anajua ni nzima, na mama yake analala hatua chache kutoka kwenye rafu. Wema ule ni chambo! Karani naye amenisimamisha njiani leo, anachechemea, anauliza kama anaweza kuja kuisikiliza tena. Wameshaanza.

Kwa hiyo, mpango mpya. Kesho nitatangaza kwamba imeibwa. Nitasema kwa uso ule wa msiba, ulifanya kazi vizuri. Chungu cha Daktari nitakirudisha kimyakimya, au nitasema aliyeiba ni mwizi huyohuyo. Hilo ni zuri. Mambo mawili yanatibiwa na mwizi mmoja.

Kosa langu la kwanza nimelijua: ilikuwa ni nta. Na kosa la pili ni kuificha santuri kati ya santuri, mahali ambapo kila mtu anatafuta santuri. Safari hii hakuna lebo, hakuna jalada la mtu mwingine. Nimeivingirisha kwenye taulo safi na kuiweka ndani ya oveni ya jiko letu. Tangu tulinunue jiko lile hakuna aliyewahi kuiwasha, mke wangu anawekea vifuniko vya sufuria tu. Ni kavu, ni giza, ina mlango. Nimejiuliza tangu asubuhi kuna kasoro gani na sijaiona.

Hata nyumba imetulia. Mama mkwe amemtuma mke wangu unga wa ngano na hamira. Ameitoa ile mikebe yake, ameisugua mpaka inang'aa. Anasema amechoka kula sifongo, na kesho nikirudi kazini nitaikuta nyumba inanukia kuanzia barabarani. Nimemshukuru kwa moyo wote. Akishughulika jikoni siku nzima, hatapata nafasi ya kugusa rafu zangu.